Mwongo Mwenye Anwani

Sisi tuliokulia Kigamboni kabla ya daraja tulilelewa na pantoni. Kila jambo la maana lilikuwa ng'ambo ya pili: hospitali kubwa, sinema, viatu vya sikukuu, na simu. Pantoni ilipoharibika, mgonjwa alisubiri, bwana harusi alisubiri, hata maiti ilisubiri, na hakuna aliyeona ajabu. Siku hizi mtu anatoka Kibada, anapita Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, juu ya mkondo wa Kurasini, na kama hakuna foleni anafika mjini kabla taarifa ya habari haijaisha redioni. Daraja lilizinduliwa Aprili 2016. Lilileta magari, likapandisha bei ya viwanja, na viwanja vikaota kuta. Nyuma ya kuta hizo wako watoto ambao Desemba nzima hawana pa kwenda.

Nimekuwa nikiwafikiria watoto hao tangu likizo iliyopita, mpwa wangu alipoleta simu yake ya majaribio nyumbani kwangu. Lakini kwa mtu wa umri wangu habari ya simu ile haina maana mpaka kwanza iwekwe kando ya simu yetu sisi, na ya kwetu ilianzia kwenye redio.

Likizo za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hazikuwa na ratiba. Shule ikifungwa, mtoto alitoka asubuhi na kurudi jioni, na njaa yake mara nyingi ilikuwa imeshakatwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Maji yakipwa tulikuwa mwambani tukitafuta pweza. Yakijaa tulikuwa juu ya miembe isiyo yetu. Hakuna aliyeuliza mtoto yuko wapi. Kilichoulizwa ni nani amemwona mara ya mwisho, na jibu lilipatikana baada ya nyumba mbili tatu.

Jioni ilikuwa ya redio. Tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na mtaa ulikuwa na redio chache za National zilizojulikana kwa majina ya wenyewe. Betri zake zilitengenezwa hapa hapa Dar, kwenye kiwanda cha Matsushita, lakini miaka ile ya uhaba hata kitu cha hapa hapa kilipatikana kwa kujuana. Betri zilizochoka zilianikwa juani kama dagaa, zikapata nguvu za kipindi kimoja zaidi, na kwa watoto kipindi hicho kilikuwa Mama na Mwana. Sauti ya Debora Mwenda ilipoingia barazani, hata waliokuwa wakigombana walinyamaza. Alisimulia, nasi tukamwitikia kwa nguvu zote, ingawa hakuwa na njia ya kutusikia. Kipindi kikiisha kimeisha. Hadithi ikikatikia pabaya ilingoja siku yake nyingine, na maswali yote yaliyozaliwa humo yalibaki mikononi mwetu.

Tuliyapeleka kwa bibi. Bibi hakuwa na majibu, ila alikuwa na namna ya kulimaliza swali. Kwa nini sungura wa hadithini hazeeki? Kwa sababu hana wajukuu wa kumsumbua. Kwa nini simba alimwamini tena baada ya kudanganywa mara ya kwanza? Kalale. Hadithi zake mwenyewe hazikuwa na mwisho, kwa sababu usingizi ulimchukua yeye kabla yetu, na sisi tukabaki gizani tukibishana kama fisi amekufa au amezimia tu.

Na walikuwa waongo wale wazee wetu, nisiwatukuze. Walituambia ukimeza mbegu ya chungwa mti utaota tumboni, ukipiga mluzi usiku unaita nyoka, na mtoto mchanga amenunuliwa hospitali. Mjomba wangu mmoja alipoondoka kwenda kufanya kazi Tanga aliniahidi baiskeli ili niache kulia. Baiskeli haikuja. Lakini kila alipotia mguu nyumbani nilimdai, mbele ya wageni, mbele ya wakwe zake, na nilipokuwa mkubwa nikaendelea kumdai kwa utani. Siku ya harusi yangu aliposimama kutoa zawadi, ndugu wote walianza kuigiza mlio wa kengele ya baiskeli, na ilimbidi acheke pamoja nao. Alikuwa mwongo, lakini mwongo mwenye anwani. Tulijua anakolala.

Simu yenyewe, ile ya waya, ilikuwa kitu cha ofisini. Shangazi yangu alikuwa Maskati. Alihamia huko miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi, wakati watu wengi wa pwani na visiwani wenye nasaba Oman walipoanza kufungasha. Kila Idd tulivuka kwenda kumpigia. Tulivaa nguo mpya, tukapanda pantoni, tukatembea hadi Extelecoms House kwenye Barabara ya Samora, tukakaa kwenye mabenchi pamoja na watu waliokuwa wakiisubiri London, Bombay na Nairobi. Opereta aliita jina la mji na namba ya kibanda. Baba alilipia dakika tatu.

Dakika tatu kwa familia nzima. Kila mtoto alipewa sentensi moja na kuifanyia mazoezi tangu ungali mwezi wa Ramadhani. Mimi nilipangiwa kusema nimeshika nafasi ya ngapi darasani. Mdogo wangu alipangiwa kusema kwamba mbuzi amezaa mapacha. Laini ilikuwa na mwangwi. Unasema shikamoo, na shikamoo yako inakurudia kabla marahaba haijafika. Mdogo wangu alidhani kuna mtoto mwingine huko Maskati anamwigiza. Akamkasirikia, akaanza kumtukana, na habari ya mbuzi haikufika. Shangazi aliuliza tunataka nini. Tulikuwa tumeonywa, kwa hiyo wote kwa pamoja tukasema hatutaki kitu, na laini ikakatika.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana na kitabu cha mwandishi wa Italia, Gianni Rodari, kilichotoka mwaka 1962. Ndani yake yupo bwana Bianchi, mhasibu anayezunguka nchi akiuza dawa, ambaye kila siku saa tatu usiku humpigia binti yake simu na kumsimulia hadithi. Hadithi ni fupi kwa sababu simu anailipia mwenyewe, na ni nzuri kiasi kwamba maopereta huacha kuunganisha simu nyingine ili wasikilize. Niliwakumbuka akina mama wa Extelecoms. Kama nao walisikiliza, basi walichoambulia kwetu ni matusi ya mtoto aliyekuwa akigombana na sauti yake mwenyewe.

Huko Marekani simu ya watoto ya sikukuu ina asili yake. Husimuliwa kwamba Desemba 1955, huko Colorado Springs, simu ya mtoto aliyekuwa akimtafuta Baba Krismasi iliangukia kituo cha kijeshi cha ulinzi wa anga, ikapokelewa na Kanali Harry Shoup. Kanali akaona heri kuigiza kuliko kumvunja mtoto moyo. Kazi hiyo ikarithiwa na NORAD, na mpaka leo kila mkesha wa Krismasi watu wa kujitolea hukaa huko wakipokea simu za watoto. Kisha Desemba 2024 kampuni ya OpenAI ikaweka sauti ya Baba Krismasi ndani ya ChatGPT, na mwezi huo huo ikafungua namba ambayo mtu aliyeko Marekani angeweza kuipiga hata kwa simu ya mezani na kuzungumza na programu hiyo. Masharti ya kampuni yenyewe yanasema programu si ya watoto walio chini ya miaka 13. Lakini masharti husomwa na watu wazima, tena wachache.

Kwetu mabadiliko yalipita njia nyingine. Mwaka 1994 ilikuja Mobitel, na simu ya mkononi ikawa ya matajiri. Miaka michache baadaye ikawa ya kila mtu, nasi tukajifunza kukwangua vocha na kubipu. Shangazi wa Maskati alibipiwa hadi akachoka. Mwaka 2014 Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar hapa hapa, ikawapa watoto nafasi ya kujibu maswali ya televisheni kwa ujumbe mfupi, na kwa mara ya kwanza lile sanduku lililozungumza miaka yote likaanza kusikiliza. Wakati huo huo viwanja vya watoto vilikuwa vikipungua. Disko toto, ambalo lilikuwa sikukuu yenyewe kwa watoto wa mjini, likawa linapigwa marufuku na polisi kila sikukuu inapokaribia, hasa baada ya watoto kufa kwa kukanyagana ukumbini Tabora siku ya Idd mwaka 2008. Barabara zikajaa bodaboda. Wazazi wanavuka asubuhi kwenda kazini na kurudi usiku. Dada wa kazi anaambiwa geti lifungwe. Ile nyumba ya pili au ya tatu ambayo ingejua mtoto kaonekana wapi, sasa haijui hata jina lake.

Basi mpwa wangu alipokuja na simu yake, mahali pa kuiweka palikuwa pameshaachwa wazi zamani.

Anaishi Sinza na riziki yake iko kwenye kompyuta. Yeye na wenzake walikuwa na wazo la simu ya likizo: namba ya bure, mtoto anaipiga hata kwa kitochi cha bibi yake, bila bando, na upande wa pili iko akili mnemba inayosimulia hadithi, inayotega vitendawili na kujibu maswali. Wazo lenyewe sina la kulisema vibaya. Mtoto asiye na simu janja huwa wa mwisho kufikiriwa, na hapa alifikiriwa wa kwanza. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mbishi, sijaweka geti, na watoto wa mtaa hushinda uani kwangu wakiharibu bustani ya mke wangu.

"Mjomba," aliniambia, "nataka uisikilize ukiwa adui."

Alinieleza inavyofanya kazi. Sehemu ya kwanza inageuza sauti ya mtoto kuwa maandishi, ya pili inayasoma maandishi hayo na kutunga jibu, ya tatu inalisoma jibu kwa sauti. Kwa Kiswahili kila sehemu ina udhaifu wake. Zipo sauti zilizokusanywa, kwa mfano na mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao mwaka 2021 ulianza kuhimiza watu wa Afrika Mashariki wajitolee kusoma sentensi za Kiswahili. Lakini anayejitolea kusoma sentensi ni mtu mzima, ametulia, yuko chumbani. Mtoto wa miaka sita mwenye pengo la meno ya mbele, anayezungumza huku anakimbia, mashine haijamzoea.

Watoto walikusanyika chini ya mwembe, simu ikawekwa kwenye spika. Wa kwanza, kwa adabu aliyofundishwa, akasema shikamoo. Mashine ikajibu, "Shikamoo na wewe!" Uani kukawa hakukaliki kwa kicheko. Lakini mdogo kuliko wote hakucheka. Alijikohoza, akajibu, "Marahaba, hujambo?" na kuanzia hapo akazungumza nayo kama mtu anayezungumza na mjukuu.

Mmoja akalalamika kwamba mama kasema wote walale saa mbili. Mashine ikamfariji: kuna muda mrefu sana wa kucheza, maana saa mbili ni usiku wa manane. Ilikuwa imehesabu saa za Kizungu. Watoto waliichukua kama ruhusa rasmi, na jioni ile akina mama wa mtaa walikuwa na kazi.

Kisha vitendawili. "Kitendawili!" akapiga ukelele mvulana wa darasa la tano. Mashine ikaanza kueleza kwamba kitendawili ni utanzu wa fasihi simulizi wenye sehemu mbili. "Sijakuuliza! Sema tega!" Ikaomba radhi, ikasema tega. Vya vitabuni ilivijua vyote, ilivijibu kabla mtoto hajafunga mdomo, na mvulana akaona hii sasa ni dharau. Akakuna kichwa, akatunga cha kwake: anameza magari huku, anayatapika kule, wala hashibi. Mashine ikasema karakana. Ikasema kituo cha mafuta. Ikasema bahari. "Toa mji!" wakapiga kelele. Ikajibu kwamba haina mji wa kutoa lakini inampongeza kwa ubunifu wake. "Hatutaki pongezi, tunataka mji!" Ilipobanwa sana ikawapa Dodoma, na kwa jinsi walivyoshangilia ungedhani serikali imehamia uani kwangu. Nilifurahi kuliko wao. Mtoto wa enzi ya daraja bado aliijua pantoni kiasi cha kuitungia kitendawili, na mashine iliyosoma kila kitu haikuwahi kuipanda.

Hadithi nazo ilisimulia, tena kwa sauti tamu. Kila hadithi ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na mwishoni palikuwa na funzo. Hakuna fisi aliyeachwa njia panda. Watoto walisikiliza kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyebishana na mwenzake baadaye.

Alikuwepo binti wa darasa la tatu, jirani, anayelelewa na bibi yake muuza vitumbua. Mama yake yuko Maskati, amekwenda kwa kazi za ndani, kwa mkataba wa miaka miwili ambao ulikuwa ndio kwanza umevuka nusu. Mji ule ule wa shangazi yangu, ila safari yenyewe siyo ile. Binti alisubiri wenzake watawanyike, akaomba simu, akaitoa kwenye spika na kuiweka sikioni. Sisi hatukusikia kitu. Lakini kompyuta ya mpwa wangu, iliyokuwa mezani mbele yetu, ilikuwa ikiandika kila neno, na hivyo ndivyo tulivyojikuta tunasoma swali ambalo hatukuulizwa sisi: mama yangu atarudi lini?

Jibu nalo likajiandika. Najua unamkumbuka sana mama. Usijali, atarudi hivi karibuni na mtasherehekea sikukuu pamoja.

Binti alisema asante, akarudisha simu, akaenda zake. Mpwa wangu aliufunga mfuniko wa kompyuta, kwa haya zaidi kuliko kwa sheria, ingawa sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za mtoto kuwa taarifa nyeti. Akanieleza kwamba mashine haikukusudia kudanganya. Inatunga maneno yanayoelekea kufuata maneno yaliyotangulia, na katika yote iliyoyasoma, mtoto anayemlilia mama hufuatwa na maneno ya faraja. Mama hurudi. Kwenye hadithi mama hurudi karibu kila mara.

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Ni mtu gani mzima wa mtaa huu ambaye hajamwambia mtoto maneno hayo hayo? Baba kaenda kukununulia baiskeli. Mama anakuja kesho kutwa. Tumewatuliza watoto kwa ahadi za namna hiyo miaka yote, na tulizijifunza kwa watu waliotutuliza sisi. Kwa kipimo cha ukweli, mashine ilikuwa imelelewa vizuri tu, kama sisi.

Tofauti niliiona siku chache baadaye. Binti alikuwa amepiga tena. Mpwa wangu, kutoka Sinza, aliniambia kwa simu kwamba mazungumzo yalikuwa mafupi. Binti alianza moja kwa moja: ulisema mama anakuja sikukuu, anakuja siku gani? Na sauti ile tamu ikamjibu kwa furaha: habari, rafiki yangu mpya, unaitwa nani? Kwa kulinda siri za watoto walikuwa wameiweka isikumbuke aliyepiga jana. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mtoto alikuja na deni mkononi, akamkuta mdaiwa hamjui.

Deni halipotei hivi hivi. Binti alilipeleka kwa bibi yake: yule wa kwenye simu kasema mama anakuja. Bibi akaliacha karai la vitumbua likiwa motoni, akaja barazani kwangu.

"Baba, nani kamwambia huyu mtoto mama yake anakuja?"

Kumuonyesha mtu nisingeweza. Kumwambia ni mashine kulikuwa sawa na kumwambia ni upepo. Mpwa wangu alikuwa ng'ambo ya daraja, wenye programu wako ng'ambo ya bahari, na aliyekuwa karibu na mwenye nyumba inayojulikana nilikuwa mimi. Kwa hiyo nililipa. Nilikwenda, nikaketi kwenye kigoda karibu na jiko, nikamwambia binti kwamba mama ana mkataba, mkataba haujaisha, na sikukuu hii hatakuja. Akauliza, na ijayo? Nikasema sijui, mkataba unasema atakuwa amemaliza, lakini mambo ya mikataba hayo tutamuuliza mwenyewe akipiga. Hakulia. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayemkariri anayemdai, kisha akaendelea kugeuza vitumbua.

Ningeweza kuishia hapo nikasema zamani ilikuwa bora. Nisingekuwa mkweli. Mpwa wangu hakuwa mzembe. Tangu mwanzo alikuwa ameweka kanuni kwamba mtoto akitaja kipigo, au kushikwashikwa, mashine iache mchezo na kumpa namba 116. Hiyo ni namba ya bure ya watoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema, Bara na Zanzibar, na namba hiyo hiyo inatumika kwa kazi hiyo Kenya na Uganda. Wanaoipokea ni watu. Na ipo kwa sababu enzi zetu, zile za milango wazi na kula nyumba yoyote, zilikuwa na watoto waliokuwa na jambo la kusema na hawakuwa na wa kumwambia. Waliowaumiza walijulikana wanakolala. Wakati mwingine walilala nyumba hiyo hiyo. Anwani peke yake haikumlinda mtu. Debora Mwenda asingeweza kuwasikia, bibi angewaambia wakalale, na kule Extelecoms wangesema hawataki kitu.

Kwa hiyo kwa yale makubwa tumepata kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Yaliyobaki bila mwenyewe ni haya madogo: mama atarudi lini, kwa nini baba haongei, fisi amekufa au amezimia. Kanuni ya mpwa wangu haikuyakamata kwa sababu hakuna neno la hatari ndani yake. Hayo yalikuwa kazi ya nyumba ya pili na ya tatu, kazi tuliyoifanya ovyo, kwa uongo na kwa kufukuza watoto wakalale, lakini tuliifanya tukiwa tunaonekana.

Mpwa wangu aliporudi tulikaa naye tukairekebisha simu. Mashine iendelee na vitendawili; ifundishwe kusema tega, ifundishwe kutoa miji bila kubanwa, ihesabu saa za Kiswahili. Hadithi nyingine ziachwe bila funzo. Lakini ikiulizwa habari za mtu wa nyumbani, iseme haijui, na imuunganishe mtoto na mtu. Mpwa wangu akauliza mtu gani. Alikuwa na mawazo ya kituo, vijana wa zamu, vifaa vya masikioni. Nikamwambia mimi si wa kujibu hilo peke yangu, nikamwita bibi wa vitumbua.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Akasema simu haina ubaya, mjukuu wake anaipenda, iendelee. Ila ana sharti moja: huyo mtu wa kuunganishwa naye awe mtu ambaye yeye anaijua nyumba yake, ili likiharibika neno ajue mlango wa kugonga.

Mpwa wangu akamweleza kwa upole kwamba utaratibu wa namna hiyo hauwezi kuenea nchi nzima.

"Mwanangu," bibi akamjibu, "mimi sina wajukuu nchi nzima."